Karatasi Iliyonisemea

Usikivu wangu ulipungua nikiwa darasa la sita huko Ukerewe, baada ya homa kali iliyonilaza wodini. Mama alizoea kunigusa bega kabla ya kunisemesha, walimu wakaniketisha dawati la mbele, nami nikajizoeza kusoma midomo. Nikafaulu hivyo hadi kidato cha sita.

Chuoni Mwanza mambo yakawa mengine. Mhadhiri huongea akitembea, mara ameugeukia ubao, na mvua kutoka ziwani ikianza kupiga bati, hata wenye masikio mazima hulalamika. Usiku nilinakili kwa wenzangu yaliyonipita. Waliopita nyuma yangu wakanisalimia nisiitikie walisema ninaringa. Kwenye mtihani mmoja, msimamizi alitangaza kwa mdomo kwamba swali limerekebishwa; mimi nikalijibu kama lilivyochapwa.

Nilimfuata mhadhiri wa somo lile nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniandikia kwenye kipande cha karatasi: "Mwanangu, nimekuamini. Ila mwakani utakuwa na wahadhiri wengine. Leta barua ya daktari."

Cheti cha kwanza nilikipata zahanati ya mtaani. Kilisema "ana tatizo la masikio," na muhuri chini. Ofisi ya mlezi wa wanafunzi ilinipokea vizuri, lakini wakauliza: tatizo gani, kwa kiasi gani, na tukusaidieje? Cheti hakikuwa na majibu hayo.

Nikapanda hospitali ya Bugando, kliniki ya masikio, pua na koo. Daktari alichungulia kwanza kama kuna nta au usaha, maana hayo yana tiba yake. Kisha nikaingizwa kwenye chumba kimya, nikavishwa hedifoni, nikawa nabonyeza kitufe kila niliposikia mlio. Majibu yalichorwa kwenye grafu: duara jekundu kwa sikio la kulia, alama ya X ya buluu kwa la kushoto. Sauti nene nilizisikia karibu sawa na watu wengine. Kuanzia hezi 2,000 kwenda juu, mistari yote miwili iliporomoka hadi desibeli 60. Huko juu ndiko ziliko s, f na t, ndiyo maana sauti ya mtu hunifikia lakini maneno hayakamiliki. Kwa mara ya kwanza niliona kwa macho yangu kwamba sikuwa mzembe wala mwenye maringo.

Nilimwomba daktari asiishie kwenye jina la ugonjwa. Akaandika kwamba upungufu ni wa kudumu, kisha akapendekeza: nikae mbele, mhadhiri atumie kipaza sauti akilitazama darasa, slaidi nipewe mapema, na kila tangazo la mtihani liandikwe ubaoni. Katika barua yangu ya maombi nilitaja Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Nilitaka ijulikane kwamba naomba haki, siyo hisani.

Namshukuru Mungu, ombi lilikubaliwa. Wapo wahadhiri wanaosahau, lakini sasa nanyoosha mkono na kukumbusha bila woga. Matangazo ya darasa kiongozi wetu huyatuma kwa maandishi, na wenzangu wanaosikia vizuri wamefurahia hilo kuliko nilivyotarajia.

Mdogo wangu unayejiandaa kuja chuo kutoka Ukerewe, Sengerema au Magu, kapime usikivu wako kabla ya mihadhara kuanza. Kama unaomba mkopo kwa kigezo cha ulemavu, kumbuka kwamba Bodi ya Mikopo huhitaji uthibitisho wa Mganga Mkuu wa Wilaya au Mkoa. Tunza nakala za kila karatasi. Zaidi ya yote, hakikisha ripoti yako inaeleza usichosikia na kinachokusaidia. Watu wenye nia ya kusaidia ni wengi kuliko tunavyodhani. Wanachohitaji ni kuambiwa waanzie wapi.