Santuri Moja, Sauti Nne

Nyumbani kwetu Bukavu, katika miaka ya mwisho ya 1960, zilikuwamo santuri nyingi ndogo za dansi, lakini kubwa ilikuwa moja tu. Baba yetu, aliyekuwa mwalimu wa kwaya ya parokia, aliipewa na padri mmoja aliyerudi kutoka likizo ya Ulaya. Ilikuwa na nyimbo za sinema ya The Sound of Music, iliyotoka Marekani mwaka 1965: habari za Maria, msichana aliyetaka kuwa sista huko Salzburg, katika nchi ya Austria, akatumwa kulea watoto saba wa nahodha aliyefiwa na mke.

Sinema yenyewe sisi ndugu watano tuliiona mara moja tu, katika ukumbi wa misioni, nayo ilisemwa na kuimbwa kwa Kifaransa. Santuri ilikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo hakuna aliyeijua kwetu. Basi, tuliisikiliza namna gani?

Kwanza, kwa kukumbuka. Wimbo ulipoanza, dada yetu mkubwa alitutangazia: «Sasa Maria yuko mlimani», au: «Sasa watoto wanaogopa radi.» Picha tulizitia wenyewe, na kila mwaka zilibadilika kidogo, hata milima ya Salzburg ikaota migomba.

Pili, tulishika yale machache tuliyoyafahamu. Masista wa monasteri huimba Dixit Dominus na Alleluia. Zaburi hiyo Baba aliijua kwa moyo, kwani ndiyo iliyofungua masifu ya jioni ya Dominika. Tulifurahi kama mtu anayekutana na jirani yake katika mji wa ugeni. Kisha ukaja ule wimbo wa do, re, mi, nao tuliujua mara moja, kwa maana kila mwanakwaya alianzia hapo. Kumbe watu wa sinema waliazima mali ya monasteri! Majina hayo yalitolewa katika utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji na mmonaki Guido wa Arezzo, mtu wa karne ya 11. Lile la kwanza lilikuwa ut, likageuzwa baadaye kuwa do.

Walakini Baba hakuturuhusu kukaa tukisikia tu. Aliinua sindano, santuri ikanyamaza. «Hiyo inajua kuimba tayari», alisema, «ninyi bado.» Alleluia ya masista akaipangia sauti nne: dada wawili soprano, dada wa tatu na mdogo wetu alto, kaka mkubwa tenori. Besi aliichukua mwenyewe.

Tulipokuwa watu wazima tulisoma habari za kweli za jamaa ya von Trapp. Sinema huwaonyesha wakivuka milima kwa miguu. Kwa kweli mwaka 1938 waliondoka Austria kwa gari la moshi, wakaenda Italia. Aliyewafundisha na kuwaongoza katika uimbaji alikuwa padri, Franz Wasner, aliyehama pamoja nao. Katika sinema hayumo kabisa. Nyumba yao ilibaki Salzburg. Nyimbo hazikubaki, nazo ndizo zilizowalisha walipofika Marekani.

Jambo hilo tulilielewa sawasawa mwaka 1996, vita vilipofika Bukavu. Tulitoka na mizigo kichwani. Santuri tuliiacha kabatini. Tuliporudi hapakuwa na santuri wala kabati. Kaka yetu wa tenori hakurudi.

Miaka kadhaa baadaye tulimzika Baba. Tulikutana wanne, kila mmoja akitoka mji wake, nasi tulikuwa hatujaimba pamoja kwa muda mrefu. Kaburini dada mkubwa alianza Alleluia ile bila kumwambia mtu. Kila mmoja akaingia mahali alipowekwa na Baba. Mahali pa tenori palikuwa kimya. Tuliporudia mara ya pili, sauti ya kijana ikatokea nyuma yetu, ikapashika pale bila kukosea hata noti moja. Alikuwa mwana wa marehemu kaka yetu. Sisi hatukumfundisha, baba yake alikuwa amemfundisha angali mtoto. Besi peke yake ilikosekana, nasi sote tuliisikia.

Wazazi wapenzi, santuri ile iliuzwa duniani zaidi ya milioni 20, na leo nyimbo zake zote hutoka katika simu ndogo kwa kuigusa tu. Twazisikiliza, na furaha ya utoto yaturudia. Lakini chombo kikivunjika au kikiibwa, huondoka na vyote vilivyomo. Kilichotiwa kinywani mwa mtoto, yeye hukichukua popote aendapo. Watoto wenu wanasikia nyimbo nyingi mchana kutwa. Siku moja moja nyamazisheni chombo, mkampe kila mmoja sauti yake. Nanyi msisahau kushika ya kwenu.