Pete ya Mwezi na Mbegu za Shosho

Juzi stima zilipotea, nikapanda juu ya ploti. Mwezi ulikuwa umevaa pete ndogo, ukingo mwekundu kabisa. Shosho akapiga simu kutoka Kitui: "Mjukuu wangu, umeuona? Mvua hiyo. Kesho napanda."

Manze, nilinyamaza. Pete hiyo ni mwanga wa mwezi ukipita kwenye wingu jembamba la matone madogo ya maji. Mwanga hupinda ukizunguka kila tone. Mwekundu hupinda zaidi, ndiyo maana unakaa nje. Wingu kama hilo linaweza kupita bila kunyesha. (Ile pete kubwa ya mbali ni ya barafu, stori ingine.)

Msimu uliopita mbegu zake zilikaukia ardhini, na pesa ya kununua zingine sina. Nikamwambia, "Shosho, ngoja udongo ulowe kwanza." Akakata simu. Hajanipigia tena.