Kaburi la Haji Kando ya Njia ya Kale

Huko Marekani barabara kuu ikitengenezwa upya na kupitishwa nje ya mji, ile njia ya kale ipitayo madukani aghalabu haiachwi ikapotea. Hupewa nambari ile ile ya barabara kuu, na kibao chake huongezwa neno moja: Biashara. Ni kumwambia msafiri kwamba akitaka chakula, mafuta au malazi apinde hapo. Twaona ni insafu kwa wenye maduka. Kwetu sisi, mji ukipitwa na lami mpya, muuza chai hana budi kubeba birika lake na kuifuata.

Katika jimbo la Arizona upo mji mdogo uitwao Quartzsite, jangwani, yapata maili 20 kutoka mto Colorado. Wakaaji wake hawafiki 4,000. Barabara kuu ya 10, itokayo Phoenix kwenda Los Angeles, hupita kusini yake. Na Main Street, ambayo zamani ndiyo iliyokuwa barabara ya 60, leo ina vibao vya kijani vya njia ya biashara. Wakati wa joto mji hunyamaza. Ifikapo Januari wageni kwa maelfu huja na nyumba zao za magurudumu, wakiikimbia baridi ya kaskazini, wakapiga kambi na kuuziana mawe ya thamani.

Lakini si mawe yaliyotufanya tuandike. Upande wa magharibi wa njia hiyo yapo makaburi, na moja limejengewa mnara wa mawe mfano wa piramidi, na juu yake sanamu ya ngamia. Wenyeji humwita mwenye kaburi Hi Jolly, jina lenye sauti ya mzaha katika Kiingereza. Nalo si jina ila ni Haji Ali, lililopotoka katika ndimi za watu wasiojua Haji ni nini.

Haji Ali alikuwa raia wa dola ya Uthmaniya. Mwaka 1856 aliteremka pwani ya Texas pamoja na ngamia zaidi ya 30, walionunuliwa na jeshi la Marekani ili wachukue mizigo jangwani. Mwaka 1857 Edward Beale aliwatumia baadhi ya ngamia katika kupima njia ya kaskazini ya Arizona, toka New Mexico hata mto Colorado. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, shauri la ngamia likaachwa. Wengine waliuzwa, wengine wakaachiliwa nyikani.

Yeye akabaki, hana jamaa wala jamaa wa dini. Mwaka 1880 alipopata uraia aliandikwa Philip Tedro, na akaoa huko huko. Twaomba wazazi wenye watoto ughaibuni walitazame jambo hili: mtu aliyevuka bahari na jina la Hija alikufa mwaka 1902 akiwa na majina mawili, na katika hayo hamna hata moja ambalo mama yetu angelitambua. Yaliyokuwamo moyoni mwake ayajua Mola wake.

Mnara ulijengwa mwaka 1935 na idara ya barabara ya jimbo. Dini yetu haituelekezi kujenga juu ya makaburi. Lakini waliojenga hawakuwa wa dini yetu, na walikusudia heshima kwa mtu wa njia.

Vijana wetu walioko Marekani, wakisafiri kuelekea magharibi, waiache barabara kuu penye njia ya kutokea nambari 19, wafuate vibao vya kijani mpaka makaburini, wasimame kidogo, kisha warudi barabarani kwa nambari 17. Ni maili 2 tu.