Kuchomoa na Kung'oa

Sisi wapenzi wa lugha tukikutana hubishania majina. Kifaa kipya kikiingia sokoni twataka kipate nomino safi, na siku nomino hiyo ikipatikana twaona kazi imekwisha. Leo naomba kuvitetea vitenzi, na shahidi wangu ni pedeli ya baiskeli kuukuu.

Baiskeli yenyewe ilikuwa ya mjomba. Kwetu Wamakonde, kama ilivyo kwa majirani zetu Wamakua na Wayao, ukoo hufuata upande wa mama, na mpwa ana nafasi yake katika mali ya mjomba. Mjomba alipofariki, wazee waliniita kijijini, nje kidogo ya Newala, wakanikabidhi Raleigh nyeusi aliyoinunua kwa fedha za korosho katika miaka ya 1970. Mkazamjomba alikuwa na neno moja tu: isiuzwe. Mnunuzi wa chuma chakavu alikuwa amekwisha kupita mara mbili, akaitazama kama atazamavyo sufuria lililotoboka, akataja bei ya kilo.

Nilimwelewa mkazamjomba. Uwanda wa juu wa Makonde hauna mito. Mvua ikinyesha huzama mchangani, na tangu kale watu waliteremka genge hadi mabondeni kutafuta maji. Mradi wa maji ulioanzishwa katika miaka ya 1950 ulizipunguza safari hizo, haukuzimaliza. Madumu manne ya lita 20 ni kilo 80 za maji, na nyumba ile ililelewa na kilo 80 hizo, zikisukumwa kwa mikono mchangani na kuendeshwa palipo tambarare. Msimu wa korosho, magunia yalipanda mahali pa madumu.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja. Mkono wa pedeli wa kulia, ambao mafundi wengi huuita krenki, ulicheza. Katika baiskeli za namna hii mkono hushikwa kwenye ekseli kwa kipande kifupi cha chuma kiitwacho pini. Jina hilo lapotosha kidogo, kwa sababu pini ya kawaida ni ya mviringo pande zote, ilhali hii imechongwa bapa upande mmoja, kwa mshazari, ili kila nati ikazwapo uso bapa ujisukume zaidi kwenye mfuo wa ekseli. Kwa lugha yetu ya asili hiyo ni kabari, na kamusi zetu zinalo neno hilo, lakini limeachiwa wapasua kuni. Kabari ikilika, mkono hucheza; mkono ukicheza, huila ekseli; na ekseli ya mtindo ule ikishaliwa, mnunuzi wa chakavu hana haja ya kupita mara ya tatu.

Nafundisha Masasi, na kwa kuwa maduka ya Masasi ni makubwa kuliko ya kwetu, niliiteremsha huko juu ya basi. Mji huu, wenye milima ya mawe matupu iliyochomoza tambarare, una deni kwake kila mpenda sarufi. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilitoka mwaka 1870, ndiye aliyeuleta hapa mwaka 1876 msafara wa watu waliokombolewa utumwani, akitokea Unguja. Alifariki mwaka 1882, miaka mitatu kabla ya John Kemp Starley kutoa kule Coventry baiskeli yake ya mnyororo, ambayo ndiyo nyanya ya hizi zetu. Kwa hiyo msamiati wa baiskeli Steere hakuudokoa. Ulikuja baadaye, kwa mikono ya mafundi, bila kamati wala mwanasarufi: spana, nati, spoku, rimu, gololi.

Dukani kijana mmoja mchangamfu aliniwekea mezani kifaa king'aacho. "Mwalimu, hii ni pula. Inang'oa mkono wowote." Ni kifaa kizuri, nisikidharau. Kina hesi pana ya nje ya milimita 22, ambayo hufungwa ndani ya tundu la mkono, kisha parafujo ya katikati huisukuma ekseli na mkono ukaja wenyewe. Lakini hufaa mikono ya mtindo wa siku hizi, ile inayokaa juu ya ncha ya ekseli yenye pembe nne, na ambayo tundu lake limekatwa hesi. Mkono wa mjomba haukuwa na hesi hata moja. Pula haikuwa na mahali pa kushika. Jirani yake akapendekeza nyundo, akaiinua kabisa. Nikaizuia baiskeli kwa mwili wangu. Nilikuwa nimeambiwa na mjomba mwenyewe, zamani, kwamba ukigonga mkono ulioning'inia hewani, kishindo chote hupita kwenye ekseli na kuishia kwenye gololi, zikachora vishimo katika bakuli zilimokaa. Baiskeli hutoka hapo imepona pini na kuugua mahali pengine.

Ikarudi juu ya basi, tukapanda tena Newala.

Fundi niliyeelekezwa alikuwa mzee, amekaa chini ya mkorosho, vifaa vyake vimetandazwa juu ya gunia. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akageuza baiskeli magurudumu juu, akauchezesha ule mkono kwa vidole viwili. Kisha akauliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

"Mwanangu, unataka kuchomoa au kung'oa?"

Nilidhani ni maneno mawili ya jambo moja. Kwake yalikuwa ni masanduku mawili ya vifaa. Kung'oa, alinieleza, ni kwa kitu kilichoota mahali pake: jino, kisiki, msumari. Unakishika chenyewe na kukivuta mpaka mahali pake pakiachie. Mikono ya kisasa hung'olewa, na chombo chake ndicho ile pula. Kuchomoa ni kwa kitu kilichopenyezwa ndani ya kingine: kisu alani, kalamu mfukoni, pini katika mkono wa pedeli. Hapo huushughulikii mkono hata kidogo. Ukishachomoa pini, mkono hauna tena sababu ya kubaki.

Nikabisha, kwa kuwa ubishi ni kazi yangu: mbona pini haivutwi, bali hugongwa itokee upande wa pili? Akacheka. Akasema kitenzi hakiangalii mkono wa fundi unaelekea wapi, kinaangalia kitu kilikuwaje kabla hujakigusa. Tangu siku hiyo nimeitafuta sentensi hiyo katika vitabu vya sarufi nilivyo navyo, sijaikuta ikiwa imesemwa kwa ufupi vile.

Mwajua, wasomaji wangu, kwamba Kiswahili kina mtambo mzima wa kutendua. Funga, fungua. Ziba, zibua. Kunja, kunjua. Chomeka, chomoa. Lugha nyingine hulazimika kuazima neno la pili kusema kwamba jambo limerudishwa nyuma; sisi twabadili mwisho wa kitenzi na kufuli linafunguka. Ng'oa ina sura ya ukoo huo, lakini mwenzake wa kutendea hasikiki. Nadhani ndiyo maana kung'oa kuna ukali ambao kuchomoa hakuna: hakuna njia ya kukirudisha kilichong'olewa. Nayo kaza, kitenzi kikuu cha kila fundi, imebaki nje ya mtambo. Hatusemi "kazua". Twasema legeza, mgeni kutoka mzizi mwingine.

Kazi ikaanza, na kila hatua ikaja na kitenzi chake. Kwanza kugandua. Kutu ilikuwa imeigandisha pini. Akadondoshea mafuta ya taa yaliyochanganywa na oili, akaniambia tunywe chai. Tulikunywa mbili. Kisha akalegeza nati kwa spana, lakini hakuiondoa: aliiacha hadi uso wake ukalingana na ncha ya pini, ili nyundo ikishuka isiziponde hesi. Akachukua kipande cha bomba la chuma, kilichokatwa kwa kimo cha ekseli kutoka ardhini, akakisimamisha chini ya mkono, tundu lake likiitazama pini kutoka upande wa pili. Bomba hilo ndilo lililokuwa kifaa chote. Halina chapa wala jina dukani. Kazi yake ni kukipokea kishindo na kukipeleka ardhini badala ya kwenye gololi. Nilimwuliza yeye hukiitaje. "Kipokeo," akasema, kana kwamba nimemwuliza jina la kijiko.

Kipokeo. Pokea, pokelea, kipokeo. Hakuna baraza lililokaa kuliunda, nami sijui kama kuna fundi mwingine alisemaye. Vijana wake wawili wamehamia kwenye bodaboda, ambako hakuna pini za namna hii, na baiskeli mpya zinakuja na mikono ya kung'olewa. Siku ile bomba litakapotupwa, neno litatupwa nalo.

Alipiga mara moja. Pigo moja zito, si kumi za kubembeleza, kwani mapigo madogo huitanua ncha ya pini bila kuisogeza. Nati ikazama kidogo, akaiondoa, pigo la pili jepesi juu ya kipande cha shaba, na pini ikaangukia ndani ya bomba kwa sauti ya sarafu. Mkono ukaja kwa vidole. Ekseli ilikuwa imekwaruzika, haijaliwa. Mkazamjomba, aliyekuwa amekuja na kukaa pembeni bila neno, akainuka akaenda zake sokoni.

Pini mpya ikaleta shauri jingine. Ziko za milimita 9 na za milimita 9.5, na kwa macho huzitofautishi. Ile ndogo huingia vizuri, kisha hucheza baada ya wiki. Mzee alizipima kwa tundu lenyewe, akachagua nene, akaupitisha uso wake bapa kwenye tupa mara nne au tano, akijaribu na kutoa, mpaka ikaketi. Akagonga, akakaza nati, akageuza baiskeli ikasimama.

Aliniagiza niiendeshe hadi Shimo la Mungu na kurudi, kisha nimletee tena, kwa sababu kabari ikishabebeshwa mzigo hujisogeza ndani. Nikaenda hadi ukingoni, nikaliona bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo, nikarudi bila kusikia ule mlio. Akaweka spana, na nati ikakubali robo ya mzunguko. Nikamwuliza huko nako ni kukaza? Akasema hapana, kukaza tulimaliza asubuhi. Huku ni kukazia.