Ubungo: stendi iliyohama, maneno yaliyobaki

Wafanyabiashara wengi wa Lubumbashi walilijua jina la Ubungo kabla ya kuiona bahari. Kwa miaka mingi, mtu aliyefika Dar es Salaam kwa basi alishukia hapo, barabara ya Morogoro inapokutana na ya Sam Nujoma na ya Mandela.

Kabla ya Ubungo, mabasi ya mikoani yalianzia katikati ya jiji, Mnazi Mmoja na Kisutu. Jiji lilipojaa, yakasogezwa nje. Tarehe 24 Februari 2021 Rais Magufuli alizindua kituo kipya cha Mbezi Luis, ambacho kina jina lake, na siku hiyohiyo akazindua barabara za juu za Ubungo. Mabasi yakahamia Mbezi. Penye stendi ya zamani pamejengwa kituo kikubwa cha biashara.

Mama yangu alikuwa akifuata vitenge huko, kwa njia ya Kasumbalesa, Zambia na Tunduma. Alirudi na vitenge, na maneno pia. Pale sisi tunaposema arrêt, yeye alisema stendi. Siku moja alimtaja mpiga debe, nami nikamwuliza: debe gani? Akacheka, akanieleza. Debe ni kopo kubwa la bati, la mafuta au la kupimia nafaka. Ukiligonga, watu wanageuka. Stendini kuna mtu anayelipwa kwa kuwaitia mabasi abiria, na debe lake ni koo lake. Baadaye neno likapanda cheo: leo hata mgombea urais hupigiwa debe.

Hapa kitivoni tunajifunza Kiswahili bora vitabuni, kisha tunakionea haya kile cha mama zetu, kana kwamba kimoja kilizaliwa chuoni na kingine sokoni. Debe linatukanusha. Neno ambalo magazeti ya Tanzania na Kenya huandika bila wasiwasi limepita kwanza midomoni mwa watu wa vumbi na makelele.

Kwa hiyo naomba jambo moja kwa walimu wetu: baadhi ya kazi zetu za mwisho wa masomo zifanyike arrêt, kwa daftari na masikio, tuandike wanavyosema vijana wanaoita abiria hapa kwetu. Vituo vyetu navyo vitahamishwa siku moja. Mama alinieleza debe kwa sababu alikuwa amefika. Atakayeuliza kesho atahitaji mtu aliyeandika.