Penseli Kwenye Pambizo

Kompyuta ya ZX Spectrum ilipotoka Uingereza Aprili 1982, ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48 iliuzwa pauni 175. Mwaka uliofuata bei ikashuka hadi karibu pauni 130, na hapo ndipo mjomba wangu alipojitosa. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha soksi mjini Leicester, si mtu wa kumwaga pesa, lakini alikuwa amevitazama vipindi vya BBC kuhusu kompyuta na akasadiki kwamba watoto wa nyumba yake wasipokijua kitu hiki wataachwa nyuma. Mimi nilikuwa nimewasili kutoka Mombasa mwaka huo huo, kwa hiyo nikahesabiwa miongoni mwa watoto hao. Kijana mmoja wa Dar es Salaam tuliyesoma naye alikuja kuiona akacheka sana. Kwao serikali ilikuwa imepiga marufuku tangu 1974 kuingiza kompyuta na televisheni, na sisi tulikuwa tumeviweka vyote viwili juu ya meza moja ya sebuleni.

Ilikuwa kitu kidogo cheusi, upana wake haufiki kitabu cha shule kilichofunuliwa, vitufe vya mpira wa kijivu, na mstari wa rangi nne umekatiza pembeni. Haikuwa na skrini yake wala mahali pa kuhifadhia kazi. Skrini ilikuwa televisheni ya nyumba, chaneli ya 36. Hifadhi ilikuwa redio kaseti, ile ile aliyokuwa mkaza mjomba akisikilizia taarabu za Juma Bhalo. Mjomba alipotaka taarifa ya habari, kompyuta ilizimwa, na kuizima maana yake ni kupoteza kila kilichokuwamo ndani.

Programu ilikuwa sauti. Kompyuta iliandika kazi yako kwenye kanda kwa milio ya juu na ya chini, kisha siku nyingine ikaisikiliza milio hiyo na kuigeuza tena kuwa namba. Wakati wa kusikiliza, kingo za skrini zilipiga mistari ya rangi: nyekundu na samawati kwanza, halafu buluu na manjano data inapoingia. Mchezo mkubwa ulichukua kama dakika tano kuingia, na sauti ya redio ikiwa chini kidogo au juu kidogo ulipata ujumbe kwamba kanda haikusomeka, ukaanza upya. Siku ya kwanza mkaza mjomba alisikia mlio huo akiwa jikoni. "Jamani, huyo Bhalo mnamfanya nini?" Binti yake akamjibu kwa mbali, "Si Bhalo, mama. Ni kompyuta inasoma."

Watu wakisimulia enzi zile huanza na michezo. Mimi naanza na majarida, kwa sababu nyumbani kwetu mchezo wa kununua ulikuwa anasa, na jarida lilikuwa na michezo kadhaa ndani yake kwa bei ya jarida. Isipokuwa ilibidi uiandike mwenyewe. Ukurasa mzima, wakati mwingine kurasa tatu nne, ulijaa mistari ya lugha ya BASIC yenye namba 10, 20, 30 na kuendelea, nawe ukaichapa mstari kwa mstari. Sinclair User lilikuwapo tangu 1982, Your Spectrum likaja 1984. Kulikuwa pia na Input la Marshall Cavendish, lililotoka kila juma hadi likatimiza matoleo 52. Ukiyapanga kwenye majalada yake unapata kozi kamili ya uandishi wa programu. Tulikuwa tukienda duka la W H Smith Jumamosi kuyasoma tukiwa tumesimama, kabla ya kuchagua moja la kununua. Kwenye kompyuta za maonyesho za dukani humo watoto wa mji mzima walikuwa wakichapa mistari miwili tu ya kufanya jina lao lijirudie bila kikomo, kisha wanatoroka.

Kazi ya kuchapa ilihitaji watu wawili. Binti mjomba alisoma, mimi nikabonyeza. Spectrum ilikuwa na tabia yake: huchapi PRINT herufi kwa herufi, unabonyeza P na neno zima linatokea. J ni LOAD, R ni RUN. Maneno mengine yalidai ubonyeze vitufe viwili kwa pamoja, uviachie, halafu ubonyeze cha tatu. Baada ya muda vidole vilijua vyenyewe. Macho ndiyo yaliyopata taabu, kwa kuwa mistari mingi ilichapwa kwa printa dhaifu na kupigwa picha moja kwa moja, hata sifuri ikafanana na O, moja ikafanana na I, na nukta mkato usiweze kuitofautisha na nukta mbili. Kurasa za DATA ndizo zilizokuwa za kutisha: namba tupu, mistari na mistari, zinazoingizwa moja kwa moja katika kumbukumbu kama maagizo ya kichakataji cha Z80. Ukikosea tarakimu moja hapo hupewi onyo lolote. Skrini inakuwa nyeusi, kisha linarudi tangazo la haki miliki la 1982, na jioni yako imekwenda. Ndiyo maana sheria ya nyumba ilikuwa kuhifadhi kwenye kanda kwanza, kisha ndipo ujaribu.

Na kosa halikuwa letu kila mara. Jarida moja, sitalitaja, lilituchapia mchezo wa mbio za magari ambao haukuweza kwenda hata kidogo, kwa kuwa mstari mmoja ulikuwa umeachwa kiwandani. Masahihisho yalitoka toleo lililofuata, kwa herufi ndogo mno, chini ya tangazo. Lakini katika mwezi ule wa kungoja, binti mjomba alikuwa amekwisha kugundua kwamba programu inarukia namba ya mstari usiokuwapo, akaubuni wake na mchezo ukaenda. Yeye leo ni mhandisi. Siwezi kusema jarida lenye makosa ndilo lililomfanya awe hivyo, ila lingekuwa safi asingelazimika kuelewa kitu.

Kitu kilichoninasa mimi ni kuchora. Spectrum ilikuachia herufi 21, A hadi U, uzigeuze ziwe picha zako. Kila picha ni mraba wa vidoti nane kwa nane, na kila safu inaandikwa kwa namba moja: kidoti cha kushoto kabisa kina thamani ya 128, kinachofuata 64, kisha 32, 16, 8, 4, 2 na 1. Unajumlisha vilivyowaka. Safu iliyojaa yote ni 255. Nilichukua daftari la hesabu lenye miraba nikachora jahazi: 8, 24, 56, 120, 248, hilo ni tanga, 8 tena, mlingoti, 255 na 126, chombo chenyewe cha chini. Jaribu kwenye karatasi uone. Jahazi langu lilipita baharini likitoka Bandari ya Kale kwenda Lamu, na lilipokaribia kisiwa cha kijani, bahari yote iliyolizunguka ikageuka kijani pia. Huo ndio ulikuwa udhaifu maarufu wa mashine ile: kila mraba wa nane kwa nane unabeba rangi mbili tu, basi. Watengenezaji wa michezo walihangaika nao miaka yote, wengine wakaamua kutumia rangi moja na nyeusi skrini nzima.

Majarida yenyewe yakabadilika haraka. Kampuni ya Mastertronic ilianza kuuza michezo ya kaseti kwa pauni 1.99, na ni nani atakayechapa jioni tatu kitu kinachopatikana kwa pesa hizo kikiwa kizuri zaidi? Februari 1984 likatokea CRASH, kutoka mji mdogo wa Ludlow, majalada yake yakichorwa na Oliver Frey kwa rangi kali ajabu, na ndani limejaa uhakiki wa michezo uliopimwa kwa asilimia. Nililipenda sana. Hata hivyo lilikuwa jarida la wanunuzi. Baadaye yakaja majarida yenye kaseti iliyobandikwa juu ya jalada, na kurasa za kuchapa zikapungua hadi zikaisha. Mwaka 1986 Clive Sinclair, mwenye kampuni iliyotengeneza Spectrum, akaiuzia kampuni ya Amstrad biashara yake ya kompyuta kwa pauni milioni 5. Sinclair User na Your Sinclair, jina jipya la Your Spectrum, yote yalifungwa 1993. Wengi husema kompyuta mpya ndizo zilizoyaua. Kwa maoni yangu yalikwisha kudhoofika siku msomaji alipoacha kupewa kazi.

Nilianza kukusanya wakati watu walipokuwa wakitupa. Kwenye magulio ya Jumapili ambako Waingereza huuza vitu vya nyumbani kutoka nyuma ya magari yao, Spectrum ilikuwa ikikaa ndani ya katoni moja na pasi iliyoungua na vikombe visivyo na jozi. Majarida yalifungwa kwa kamba kama kuni, unanunua fungu zima. Siku hizi bei imepanda, na wamejitokeza wakusanyaji wanaotafuta nakala ambayo haijafunguliwa, mashine ambayo haijatolewa kwenye boksi. Wanaweka kwenye kabati la kioo, wanapiga picha. Ni pesa zao.

Mimi nataka zilizotumika. Nikifungua jarida la 1983 nikakuta kila mstari wa programu umewekewa alama ya penseli ya kuhakikiwa, na kwenye pambizo mtoto asiyejulikana ameandika kwamba mstari wa 340 una kosa, uandikwe hivi, najua nimepata kitu. Mara nyingi marekebisho hayo ni sahihi kuliko yale ya jarida lenyewe. Nina moja ambalo mwenyewe amebadilisha mchezo wa kijeshi wote ukawa wa kukamata samaki, akaandika mistari yake pembeni ya ile ya asili. Niliichapa. Inakwenda vizuri.

Kuzitunza mashine ni kazi ya mikono. Utando wa plastiki ulio chini ya vitufe hukauka na kukatika, lakini mpya zinatengenezwa hadi leo. Chipu nane za kumbukumbu ya chini hufa, na zikifa skrini hujaa mistari ya wima. Unazitoa moja moja kwa kuyeyusha lehemu na kuweka soketi ili safari ijayo isiwe taabu. Vikapasita vya zamani vibadilishwe kabla havijavuja. Kwa televisheni za sasa, mafundi huukata waya wa ndani wa chaneli na kuunganisha picha moja kwa moja kutoka kwenye ubao, na inatoka safi kuliko tulivyopata kuiona. Mikanda ya redio kaseti huyeyuka ikawa lami nyeusi inayoshika vidole, ivue yote. Karatasi nazo zina adui zake: pini za jarida hupata kutu na kuila karatasi, kwa hiyo weka pakavu, wima, mbali na jua. Michezo naipakia kwa kadi ya kumbukumbu siku hizi, sioni haya kusema hivyo. Dakika tano za mlio zilikuwa na maana pale ambapo hapakuwa na njia nyingine.

Majarida mengi ya wakati ule yameshapigwa picha na kuwekwa kwenye Internet Archive, yeyote anaweza kuyasoma bure. Ni hazina, na nayatumia kila mara ninapokosa toleo. Tatizo ni kwamba wapigaji picha, kwa nia njema, huchagua nakala iliyo safi kuliko zote.

Basi kama una ndugu aliyekaa Uingereza miaka ile na chumbani kwake kuna maboksi, yafungue kabla hujayapeleka jalalani. Ukikuta majarida yamechorwachorwa, usiyafute na usiyaone haya. Kama ni ya kuuza, mwambie mnunuzi kwamba yana maandishi ya penseli. Wapo watakaoomba wapunguziwe bei kwa sababu hiyo, wengine tutakuongezea.