Paka, mtoto na maua ya kopo: tuliyoyaona Samuye

Ukitembelea vijiji vya kata ya Samuye, wilayani Shinyanga, utakuta ua wa namna mbili. Upo ua unaozunguka mji, wa minyaa iliyosongamana hadi mbuzi hapenyi. Na lipo ua la kopo, linalopandwa kwenye debe la mafuta au ndoo iliyopasuka na kuwekwa barazani ili nyumba ipendeze.

Huku paka si pambo, ni mlinzi wa chakula. Mpunga, mahindi na karanga vikishaingia ndani, panya nao wanahamia. Paka analala juu ya magunia, anajipitisha kwenye maua, anajilamba manyoya, kisha anachezewa na mtoto. Ndiyo maana swali la mama mmoja aliyekuwa akimwagilia makopo yake lina uzito: “Dada, haya maua hayawezi kumdhuru paka? Na huyu mdogo naye kila jani anatia mdomoni.”

Jibu ni kwamba inategemea ni ua gani.

Ua la kuangaliwa kwanza ni kalankoe. Lina majani manene yenye maji na maua madogo yaliyoshikana, mekundu, ya njano au ya pinki. Halisumbui kwa maji, hivyo linapendwa maeneo makavu kama haya. Lakini lina sumu inayoweza kuvuruga mapigo ya moyo wa paka. Akilitafuna anaweza kutapika, kuharisha na kulegea.

Hatari zaidi kwa paka ni lili, yale maua makubwa yenye umbo la tarumbeta yanayowekwa kwenye mashada ya harusi. Paka akilamba unga wa ua ulioshika manyoya yake, au akinywa maji ya chombo cha maua, figo zake zinaweza kufeli ndani ya siku chache.

Oleanda, yenye majani marefu membamba na maua ya pinki au meupe, haichagui. Ina sumu ya moyo kwa paka, mifugo na binadamu. Kama una mtoto anayetambaa, usiipande karibu na nyumba.

Minyaa nayo isisahaulike kwa sababu tu tumeizoea. Utomvu wake mweupe unachoma ngozi, na ukiingia jichoni unaweza kulijeruhi vibaya. Wafundishe watoto wasivunje matawi yake wakicheza. Utomvu ukiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka kwa angalau dakika 15, kisha nenda kituo cha afya.

Je, lipo ua salama? Lipo, tena la kwetu. Violeti ya Afrika, lenye majani yenye manyoya laini na maua ya zambarau, asili yake ni milima ya Usambara mkoani Tanga. Mwaka 1892 ofisa wa kikoloni wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao, na leo linapamba madirisha duniani kote. Wajerumani bado wanaliita kwa jina la Usambara. Halina sumu kwa paka. Kwa jua la Shinyanga liweke ndani, karibu na dirisha lisilopigwa na jua kali, na umwagilie udongo, si majani. Waridi nalo halina sumu, chunga miiba tu. Hata hivyo, paka akila jani lolote kwa wingi anaweza kutapika.

Mtoto akila ua usilolijua, mtoe mabaki mdomoni, usimlazimishe kutapika, na mwahishe kituo cha afya. Chukua na tawi la ua hilo ili mhudumu alitambue. Kwa paka, mtafute ofisa mifugo mapema, usisubiri azidiwe.

Na paka akifa ghafla, msikimbilie kulaumu maua. Ulizeni kwanza kama kuna mtu ametega sumu ya panya, au kama dawa ya pamba imehifadhiwa chini ya kitanda. Kinachoweza kumuua paka pale chini, mtoto anayetambaa anakifikia vilevile.